Pale ale ya Kiingereza kwa ulimi uliolelewa na mtukuru

Ndugu akirudi kutoka Uingereza na chupa mbili tatu kwenye begi, au rafiki akikuletea moja kutoka Nairobi, ombi langu la kwanza ni hili: usiitie kwenye friza. Hakuna mahali pale ale ya Kiingereza inapoharibiwa kama hapo. Mtu huitoa ikiwa imeanza kuganda, akaipiga kwa mkupuo kama anavyokunywa Safari au Kilimanjaro mchana wa jua kali, akasikia uchungu mtupu, kisha akatangaza kwa wenzake kwamba bia ya Waingereza ni dawa ya malaria. Huyo hajaionja. Baridi kali huzuia harufu isipande na huutia ulimi ganzi. Ladha ya kimea inapotea, ya matunda inapotea, uchungu unabaki peke yake.

Nawaandikia watu wa Mwankoko, hapa Singida, na kata za jirani, wale ambao mtukuru, pombe yetu ya nafaka, kwao si kitu cha kusimuliwa. Naamini mtu aliyekulia karibu na chungu cha mtukuru ana maandalizi mazuri ya kuonja pale ale kuliko kijana wa mjini ambaye hajawahi kunywa kingine zaidi ya laga ya baridi. Tatizo ni kwamba hatujiamini. Tukiona chupa yenye maandishi ya kigeni tunadhani inahitaji elimu ya kigeni, tunaacha nyumbani ujuzi ule ule ambao kilabuni tunautumia bila kufikiri. Anayekatazwa na dini yake au na daktari wake asiuchukue huu kuwa mwaliko. Anayekunywa, na anywe akijua anachokunywa.

Fikiria mtukuru unavyopikwa. Mtama, uwele au ulezi huloweshwa, huachwa uchipue, hukaushwa juani, husagwa. Huo ndio unga wa kimea. Uji hupikwa, hupozwa, kimea hutiwa, chungu huachwa kifanye kazi yake kwenye joto la kawaida la nyumba mpaka povu lipande. Mama anayepika hana kipimajoto. Hutia kidole, hunusa, huonja kidogo, husikiliza chungu kinavyochemka bila moto. Akikwambia "bado" au "imeshapita", huwa hakosei.

Pale ale hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Nafaka ni shayiri, nayo huchipushwa ikawa kimea. Chachu yake hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 hivi, joto la chumba chenye kivuli hapa Singida. Laga ni tofauti: chachu yake hupenda ubaridi, na bia yenyewe hulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa mpaka itulie na kuwa safi. Chachu ya kwenye joto huacha harufu nyuma yake, harufu ya matunda yaliyoiva, ya tofaa, wakati mwingine ya peasi au machungwa. Ndiyo maana mnywaji wa mtukuru akinusa ale nzuri hashtuki. Anatambua kitu kilichochachuka kikiwa hai.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha katika historia ya bia hii. Zamani sana, ale ya Uingereza haikuwa na hopsi. Wanawake ndio waliopika nyingi yake, majumbani mwao, na iliyobaki waliwauzia majirani. Ilinywewa ndani ya siku chache kwa sababu isingekaa. Mwanamke wa kijiji cha Kiingereza wa karne ya 14 na mama anayepika mtukuru Mwankoko leo wangeelewana haraka juu ya chungu. Hopsi, maua ya mmea unaopanda juu ya nguzo na kamba, yaliingia kutoka pande za Uholanzi na Ubelgiji ya sasa, na katika karne ya 15 yakaanza kuenea Uingereza. Yalileta mambo mawili: uchungu, na uwezo wa bia kukaa muda mrefu bila kuharibika. Hapo ndipo kuna tofauti kubwa kati ya chupa ya pale ale na kibuyu cha mtukuru. Mtukuru hauna hopsi, hivyo ukali wake unatokana na uchachu. Kwenye pale ale ukali ni wa uchungu. Ukilijua hilo kabla ya kufungua chupa, umeshajiokoa na mshtuko wa funda la kwanza.

Rangi nayo ina sababu yake. Sisi tuna jua la kukaushia kimea. Waingereza hawana jua la kutosha, kwa hiyo walikaushia juu ya moto wa kuni, na kimea kikatoka cheusi chenye moshi. Katika karne ya 17 wakaanza kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa moshi na gesi mbaya, na kimea kikatoka cheupe zaidi. Bia iliyopikwa kwa kimea hicho iliitwa nyeupe kwa kuilinganisha na zile nyeusi za wakati huo. Kwa hiyo usitarajie rangi ya Kilimanjaro. Pale ale ya Kiingereza huanzia rangi ya dhahabu iliyoiva hadi ya shaba. Asali ya Manyoni ukiishika mbele ya dirisha iko mle mle.

Tuje kwenye maji, maana Mwankoko ni mahali pa kuzungumzia maji. Visima virefu vya hapa vinapeleka maji mjini Singida, na kila mwenye nyumba mkoani anajua kwamba kisima kimoja kina maji matamu na kingine, hatua chache tu pembeni, kina maji ya chumvi. Watengenezaji wa bia wa mji wa Burton upon Trent walijua hivyo pia. Maji ya visima vyao hupita kwenye miamba yenye jasi, na jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na uliochongoka badala ya kuganda kooni. Ndiyo maana mji huo ulitawala biashara ya pale ale katika karne ya 19. Kampuni ya Bass ya hapo hapo Burton ilisajili pembetatu yake nyekundu kuwa alama ya kwanza ya biashara Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, na mwaka 1882 mchoraji Mfaransa Manet akaziweka chupa zenye pembetatu hiyo kwenye picha yake ya baa ya Paris. Watengenezaji wa miji mingine walipoona hawafui dafu, wakaanza kutia jasi kwenye maji yao. Jasi hiyo ni madini yale yale yanayochimbwa Itigi, mkoani mwetu, na kusafirishwa kwenda viwandani. Ale ya Burton ina hata harufu yake maalumu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, ambayo hupanda mara glasi inapojazwa, kisha ikaondoka. Ukiisikia, usimwage. Subiri dakika mbili.

Sasa kununua. Singida mjini usitegemee kuikuta kirahisi. Mara nyingi itakufikia kwa mkono wa mtu, au utaikuta kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Dar na Nairobi wapo pia watengenezaji wadogo wanaopika ale zao wenyewe, nao wanastahili kujaribiwa. Chagua chupa ya kahawia. Hopsi ikipigwa na mwanga huzaa harufu ya kicheche, na chupa nyeupe au ya kijani haizuii mwanga kama ya kahawia. Chupa iliyokaa rafu ya mbele dukani, jua la saa tisa likiimulika kila siku, iache hapo hata kama bei imepunguzwa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Ale ya kawaida ya Kiingereza haina nguvu ya kuihifadhi miaka, na ikizeeka hutoa harufu ya boksi lililoloa. Soma asilimia ya kilevi pia. Nyingi za aina hii ziko kati ya 3.5 na 5. Ukiona 6 au 7, hiyo ni jamaa yake yenye nguvu zaidi, si ya kuanzia.

Ukifika nayo nyumbani, isimamishe wima mahali pa giza na uiache itulie angalau usiku mmoja, hasa kama imesafiri kwenye basi. Baadhi ya chupa bado zina chachu hai ndani, imelala chini kama machicha membamba. Zikitikiswa, bia yote inakuwa ya mawingu. Haina madhara, na mnywaji wa mtukuru hawezi kuogopa bia isiyo angavu, lakini mtengenezaji amekusudia uione ikiwa safi na ladha yake isifunikwe na chachu.

Joto lake ndilo ninalotaka ulizingatie kuliko yote. Baa zetu zina maswali mawili tu: ya baridi au ya moto? Pale ale haitaki hata moja. Waingereza huihifadhi kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye nyuzi 11 hadi 13. Nyumba zetu hazina vyumba hivyo, lakini mtungi upo. Jaza maji mtungi wa udongo, uuweke kivulini mahali pa upepo, na upepo Singida haukosekani, kisha zamisha chupa ndani mpaka shingoni kwa saa kadhaa. Maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje huondoka na joto, na chupa inapoa taratibu. Mchana wa Oktoba mtungi hautakufikisha nyuzi 13, lakini utakufikisha mahali pazuri kuliko friza. Usiku wa Juni au Julai, watu wanapovaa masweta, chupa iliyosimamishwa dirishani haihitaji kitu kingine. Mwenye friji ya kawaida aitoe chupa nusu saa kabla ya kuinywa.

Glasi iwe safi kweli. Mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye ukingo huua povu papo hapo, na sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri hufanya hivyo hivyo na kuacha ladha yake. Osha, suuza mara mbili, acha ikauke yenyewe bila kupanguswa kwa kitambaa cha jikoni. Usinywe kwenye chupa. Ukinywa kwenye chupa pua yako haipati kazi, na nusu ya bia hii iko puani. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, inyanyue wima mwishoni ili povu lisimame kiasi cha kidole kimoja. Ukiona chachu inakaribia shingo ya chupa, acha. Kile kidogo kilichobaki unaweza kukionja baadaye peke yake.

Tazama kwanza, lakini usikae hapo. Rangi hukwambia kidogo tu. Nusa kwa muda mfupi, pumzika, nusa tena, kwa sababu pua huchoka haraka. Kwanza tafuta kimea: mkate uliochomwa, biskuti, ugali uliokauka chini ya sufuria. Halafu tafuta hopsi. Hopsi za Kiingereza za kale, kama Fuggle na Goldings za Kent, hazipigi kelele kama zile za Marekani zinazonukia maembe na balungi. Hunukia majani makavu, udongo baada ya mvua ya kwanza, maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari. Mwisho tafuta yale matunda ya chachu. Usipovipata vyote usihangaike. Ukikipata kimoja na ukakiita kwa jina unalolijua wewe, umeonja vizuri kuliko anayekariri orodha ya kitabu.

Funda la kwanza lisikupe hukumu. Ulimi unapokutana na uchungu hujikunyata, na kwa yeyote aliyezoea soda mshtuko huo ni mkubwa. Nywa funda la kwanza dogo, umeze, usubiri. Watu wa divai huonja na kutema. Kwenye bia hiyo haifai, kwa sababu uchungu wa hopsi huishia nyuma kabisa, unapomeza, na huko ndiko ubora unakojulikana. Funda la tatu ndilo la kuamulia. Hapo utaona utamu wa kimea unaingia mwanzo, kisha uchungu unaupokea katikati, kisha vyote viwili vinakwisha pamoja na kinywa kinabaki kikavu, kinataka funda jingine. Ale ambayo utamu wake unabaki ukinata mdomoni, au uchungu wake unakwaruza koo dakika nzima, haikusawazishwa, hata kama imetoka London.

Wengi hulalamika kwamba haina gesi. Ni kweli ina gesi kidogo kuliko laga, na hilo ni kusudi. Gesi nyingi huchoma ulimi na kuficha ladha, kama ambavyo baridi hufanya. Mtukuru haukurushii gesi usoni na hakuna anayesema umekufa. Hapa naona wenzetu wa kijijini wana faida kubwa: midomo yao inajua bia inayoteleza polepole.

Ladha ya siki ndiyo inayoweza kumpoteza mnywaji wa mtukuru. Kwetu uchachu ni sehemu ya kinywaji, unakuja na kazi ya vijidudu vile vile vinavyogandisha maziwa, na mtukuru usio na uchachu kidogo haujafika. Kwenye pale ale uchachu ni dosari. Ukisikia siki, chupa imeharibika, na hupaswi kuisifu kwa sababu tu imekukumbusha nyumbani. Harufu ya siagi nzito nayo ni kosa la mtengenezaji, ingawa chembe yake wapo Waingereza wanaoivumilia.

Chakula kipo. Kuku wa kienyeji wa Singida aliyechomwa na chumvi peke yake ndiye mwenzi bora wa bia hii ninayemjua. Ngozi iliyokauka ina ladha ya kuungua inayopokelewa na kimea, na mafuta yake hukatwa na uchungu. Nyama ya mbuzi ya kuchoma inafaa pia. Pilipili iache pembeni, maana uchungu na pilipili zikikutana zinachochea moto mmoja. Mlenda naupenda, lakini si na bia hii: utelezi wake hufunika ulimi na huwezi kusikia kitu. Kati ya funda na funda safisha kinywa kwa tonge kavu la ugali wa uwele na maji. Maji hayo yasiwe ya kisima cha chumvi. Tumia ya mvua au kisima kitamu, kwa sababu chumvi hubadilisha kila kinachofuata.

Waingereza walitutawala mpaka 1961, na bia waliyotuachia si hii. Ndugu wawili wa familia ya Hurst walianzisha kiwanda cha bia Kenya mwaka 1922, mmoja wao akauawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapata jina lake hapo. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Laga ndiyo iliyoshika soko. Huko kwao kwenyewe ale ya pipa, ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa mpaka baa na huharibika siku chache baada ya kufunguliwa, ilikaribia kufutwa na bia za viwandani zilizochujwa na kutiwa gesi. Mwaka 1971 wanywaji wanne walianzisha chama cha kuitetea, CAMRA, na chama hicho ndicho kilichosaidia kuiokoa. Hoja yao ilikuwa kwamba kinywaji hai, kinachopikwa karibu na mnywaji na kunywewa kikiwa kibichi, ni mali ya kulindwa. Nikisikia vijana wa Singida wakiuonea haya mtukuru mbele ya wageni, nawakumbuka watu hao wanne.

Kuhusu kiasi, chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, na ladha yake laini haipunguzi hata tone. Chupa moja kwa watu wawili inatosha kabisa kuonja, na funda la nne na la tano ndani ya glasi ile ile, inapoendelea kupata joto, litakufundisha kuliko chupa ya pili. Anayeendesha bodaboda jioni hiyo asionje. Mjamzito asionje. Aliye chini ya miaka 18 asipewe hata ya kulamba.

Na ukishaimimina, usiwaite marafiki wa baa peke yao. Mpelekee glasi moja mama anayepika mtukuru jirani yako, usimwambie kitu juu ya chupa wala bei yake, umwombe anuse, aonje, aseme. Mwulize ilichipushwa vipi, imekomaa au imepita, inapungukiwa nini. Andika anachosema, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwombe akuonjeshe wa kwake wa siku hiyo, uuonje kwa utulivu ule ule, kwa glasi safi ile ile, nao uandike juu yake.